Bolti Tatu za Kadogo

Kila siku chuo cha Kurani kilipokwisha, Mwanvua alipita nyumbani kuchukua chakula cha baba yake. Mama yake, Mama Waridi, alikuwa amekwisha kupanga bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ndani ya kikapu, na kazi ya Mwanvua ilikuwa kukifikisha garajini kabla hakijapoa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwepesi wa miguu na, kwa bahati mbaya, mwepesi zaidi wa ulimi.

Baba yake, Mzee Faradji, alikuwa fundi wa ushirika wa wakulima wa pamba, pembeni mwa mji wa Kasongo. Ulikuwa mwaka wa 1956, wakati Wabelgiji wakitawala Kongo. Ushirika ulikuwa na trekta moja tu, ndogo, ambayo mtu mrefu aliweza kuichungulia kwa juu. Watu waliiita Kadogo. Ilitakiwa kuvuta tela la pamba hadi kwenye kiwanda asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado njiani, lakini bwana mkubwa wa serikali alikataa. Alisema trekta isiyo na taa wala honi haitakanyaga barabara yake. Angekuja Jumamosi kuikagua.

Basi Mzee Faradji alisafiri kwenda Kabambare kutafuta taa mbili na honi. Kabla ya kuondoka alimpa Mwanvua kopo la rangi ya kijivu na burashi, aipake Kadogo ipendeze. Garajini walizoea kumwona akishika kazi, na hakuna aliyeshangaa. Baba alikuwa amekwangua sehemu tatu kwa msasa, kila moja pana kama sarafu, kuzunguka bolti tatu. Alimwambia paka kote, ila hapo usipake, pabaki chuma kitupu.

Mwanvua alipaka kwa moyo wote. Alipomaliza alirudi nyuma kutazama kazi yake, na macho yake yakaenda palepale penye mabaka matatu. Yalimchukiza. Trekta nzima imependeza, halafu ionekane ina upele? Rangi kidogo ilikuwa imebaki koponi. Alizungusha burashi mara tatu, bolti zikapotea ndani ya kijivu, na roho yake ikatulia. Alipofika nyumbani alikuwa amekwisha kusahau.

Taa zilifika Jumatano. Mzee Faradji na msaidizi wake Alimasi walivuta nyaya mpya za shaba, nene na safi, kutoka kwenye betri hadi mbele ya trekta. Alimasi alikuwa kijana kutoka Lusangi, mpole, mwenye mke aitwaye Safi na mtoto mchanga. Walizifunga nyaya kwa utepe mweusi ili zisisuguliwe na chuma. Kila taa, na honi pia, ilikuwa na nyaya mbili. Mmoja ulileta umeme, na wa pili, ambao mafundi huuita waya wa masi, uliurudisha kwenye mwili wa trekta. Alhamisi asubuhi Mzee Faradji aliitwa kiwandani kwa haraka. Akamwachia Alimasi kazi ya mwisho, kufunga nyaya tatu za masi kwenye bolti tatu. Rangi ile na chuma kilichokwanguliwa vilifanana, na chini ya bati la garaji hapakuwa na mwanga mwingi. Alimasi alifunga, akakaza, akashukuru Mungu.

Alasiri, Mzee Faradji aliporudi, walijaribu. Taa ziliwaka kama kaa la mwisho jikoni, nyekundu na dhaifu. Honi ilikohoa mara moja. Kisha vyote vikazimika.

Mzee Faradji aliipima betri, akaikuta na nguvu zake zote. Alizipima taa, nzima. Akasimama akiutazama ule utepe mweusi ulioficha nyaya, halafu akamtazama Alimasi. Mwanvua, aliyekuwa amekaa juu ya tairi na kikapu chake, aliyaona macho ya baba yake. Baba anamshuku, aliwaza. Na mara akakumbuka jambo. Jana jioni sokoni alimwona Safi amevaa vikuku vya shaba mkono mzima, vipya, vinang'aa. Waya mpya wa shaba umeingia garajini, na mke wa msaidizi ana vikuku vipya. Basi ndani ya utepe ule mna waya gani?

Mtu mwenye busara angelala na swali hilo kwanza. Mwanvua alikwenda nalo bombani, kuteka maji.

Hakusema kwamba Alimasi ni mwizi. Aliuliza tu, mbele ya wanawake sita na ndoo zao, kama kuna anayejua Safi alikopata shaba. Mmoja akacheka, wa pili akaguna, na wa tatu, Mama Louise, akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jioni Kasongo nzima ilijua kwamba Alimasi amebadilisha nyaya za ushirika, ameweka mbovu ndani ya utepe na nzuri amemfulia mkewe vikuku. Wengine waliongeza kwamba hata misumari ya tela ilipungua. Safi alipopita, watu walinyamaza mpaka afike mbali.

Ijumaa asubuhi mwenyekiti wa ushirika, Mzee Yakubu, alifika garajini akiwa amekunja uso. Mwanvua alikuwepo, maana Ijumaa hapakuwa na chuo. Mzee Yakubu alimwuliza Alimasi habari za shaba. Alimasi alijibu kwamba ilitoka katika dinamo iliyoungua mwaka jana, ambayo Mzee Faradji mwenyewe alimruhusu kuichukua.

"Faradji, unakumbuka?" Mzee Yakubu aliuliza.

Mzee Faradji alikuna kichwa. Dinamo ilikuwepo, hilo alilikumbuka. Kama alimpa au hakumpa, alisema hawezi kuapa. Kule kusita kwake kulitosha. Mzee Yakubu alinyosha mkono na kudai kitabu cha kazi cha Alimasi. Siku zile kila mfanyakazi alikuwa na kitabu chake, na ukiandikwa mwizi humo, hapakuwa na garaji wala duka ambalo lingekuajiri, toka Kasongo mpaka Kabambare. Alisema atakiandika siku hiyohiyo, bwana mkubwa asije akadhani ushirika unafuga wezi.

Alimasi alikitoa kitabu mfukoni polepole. "Mzee, mimi sikuiba. Fungueni ule utepe, muone," alisema. Kisha akaambiwa asubiri nje ya lango, akaenda, na kila mtu garajini akawa anamchungulia kama anayeweza kutoroka na ukuta.

Kuufungua utepe ilikuwa kazi kubwa, na ukaguzi ulikuwa kesho. Hata hivyo Mzee Faradji alichukua kisu akaanza, Mwanvua akishika ncha. Waliukunjua shubiri kwa shubiri. Mwanvua alikuwa na hakika kwamba sasa hivi utatokea waya mwembamba wenye kutu. Ulitokea waya mnene, mpya, bila kiungo hata kimoja, kutoka betri mpaka taa.

Mzee Yakubu alikohoa. Mzee Faradji alifuta jasho, akachukua taa yake ndogo ya kupimia, yenye nyaya mbili. Waya mmoja aliushika kwenye betri, na wa pili akaugusisha kwenye bolti ya kwanza. Giza. Akaugusisha chini ya injini, mahali chuma kilikuwa kitupu, na taa ndogo ikawaka vizuri. Akarudi kwenye bolti. Giza tena.

"Waya iko muzima," alisema taratibu. "Ni chuma ndiyo inakataa."

Aliifungua bolti, akakwangua chini yake kwa ncha ya kisu, na kipande cha rangi ya kijivu kikaanguka kiganjani mwake. Akaenda bolti ya pili, kisha ya tatu. Zote zilikuwa vilevile, rangi chini na rangi ndani ya nyuzi zake. Umeme ulikuwa ukifika kwenye taa lakini haupati njia ya kurudi, maana rangi huuzuia.

"Lakini hapa nilikwangua mimi mwenyewe kwa mkono wangu," Mzee Faradji alisema.

"Basi ni mbaya kuliko wizi," alisema Mzee Yakubu, na uso wake ulizidi kukunjamana. "Umekwangua, yeye akapaka. Huyu kijana alitaka kutuaibisha mbele ya bwana mkubwa. Hii siandiki kitabuni tu, napeleka kwa polisi."

Mwanvua alikitazama kipande cha rangi kiganjani mwa baba yake. Sasa alikumbuka kila kitu, kopo, burashi, na mikono yake ikizunguka mara tatu. Hakuna aliyemwona. Akinyamaza, Alimasi atafungwa na yeye ataendelea kuleta bugali kila mchana kama kawaida. Aliogopa fimbo, aliogopa aibu, na zaidi aliogopa yale macho ya baba yake aliyoyaona jana yakimwangalia mtu mwingine. Kupitia lango alimwona Alimasi amechuchumaa juani, mikono juu ya magoti.

"Baba," alisema. "Ile rangi, ni miye niliipaka."

Mzee Faradji hakuelewa. Mwanvua akarudia, akilia, akaeleza kuhusu mabaka yaliyomchukiza. Kisha, kwa kuwa ameanza, akamaliza. Akasema habari ya bombani pia, kwamba maneno yote ya mji yalianzia kinywani mwake.

Mzee Yakubu alikitazama kitabu cha kazi alichokishika, akakifunga. Mzee Faradji hakumpiga mwanawe. Alimpa kipande cha msasa akamwambia akwangue, na Mwanvua akakwangua bolti tatu mpaka kucha zikamwuma, chuma kikang'aa. Baba akafunga nyaya, akabonyeza. Taa za Kadogo ziliwaka nyeupe mchana kweupe, na honi ikalia hata mbuzi wa jirani wakakimbia.

Kisha Mzee Faradji akatoka mpaka langoni, yeye wa kwanza.

"Alimasi, mwanangu, nisamehe," alisema. "Nilikutazama wewe kabla sijatazama kazi yangu. Na ile dinamo nilikupa. Nilishindwa kusema tu, kwa sababu niliogopa kuonekana nimegawa mali ya ushirika."

Alimasi alipokea kitabu chake kwa mikono miwili. Alisema amesamehe, na Mwanvua naye alipopiga magoti mbele yake alimwinua. Ila hakutabasamu. "Miye nimekwisha kukusamehe, mudogo wangu," alimwambia. "Lakini Safi hakulala jana. Ulisemea bombani, uende bombani."

Basi jioni ileile Mwanvua alirudi bombani, mbele ya ndoo zilezile, akasema kwa sauti kwamba Alimasi hakuiba, kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba yeye ndiye aliyeanza maneno. Alidhani watashangaa, watamhurumia, yatakwisha. Wawili walimsikiliza vizuri. Mmoja alimsonya. Mama Louise alijitwisha ndoo yake, akasema sawa, hakuiba, lakini dalili ya mvua ni mawingu, na akaenda zake. Wengine waliokuwepo jana hawakuwepo leo, na Mwanvua hakujua wamelipeleka neno lake nyumba ngapi.

Jumamosi bwana mkubwa aliikagua Kadogo, akaikubali, na pamba ikaanza safari. Alimasi ndiye aliyeiendesha. Mwanvua aliona watu wawili kando ya barabara wakimnyoshea Alimasi kidole na kunong'ona, akamkimbilia baba yake akilia kwamba amekwisha kusema kweli, na mbona watu bado wanamshuku?

Mzee Faradji alimkalisha kando yake.

"Rangi uliipaka kwa dakika moja, na kuiondoa kulikuchukua nusu saa," alisema. "Neno ni gumu kuliko rangi. Ukimshuku mutu, uliza kwanza, chunguza kwanza, na anza kuchunguza mikono yako mwenyewe. Ukikosea, sema upesi, maana kila saa unayonyamaza mwenzako ndiye anayelipa. Na maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyemwaga hakai tu akiangalia. Leo umesema bombani. Nyumba zipo nyingi. Anza na ya Mama Louise."

Mwanvua alifuta machozi, akafunga kitambaa chake kichwani, akaenda kubisha hodi.