Namba ya Shangazi Melenaite

Pisila aliinua mkonga wa simu ili apige kanisani, akasikia mtu anafagia.

Ule mlio wa kukwambia laini ipo haukuwepo. Kulikuwa na fagio la chelewa tu, linapita juu ya mchanga, chwaa, chwaa, la mtu anayefagia uwanja wake asubuhi na hana haraka. Akakata. Akainua tena. Chwaa.

"Maka! Hebu njoo usikilize hiki kisanduku chako."

Kisanduku chenyewe kilienea kiganjani. Upande huu unachomeka waya wa intaneti, upande ule unachomeka simu ya mezani, taa ya kijani inawaka, basi, unaongea na ndugu walio kwetu Tonga kwa bei chee mpaka sikio liume. Hapa Logan, ugenini tulikohamia, wanavyo wengi, na sijasikia aliyedhurika. Shida ya mumewe Maka haikuwa kisanduku. Shida ilikuwa namba. Watu wa kampuni walimwambia achague namba aitakayo, hata ya visiwani kwao kama haina mwenyewe, naye bila kumuuliza mtu akachagua namba ya marehemu dada yake, Melenaite.

Sasa usiniambie "namba tu". Kwetu dada wa mtu hachezewi. Kaka haingii chumbani kwa dada yake, hakalii kitanda chake, hagusi hata kitana chake. Na kwa watoto wa kaka, shangazi ndiye mwenye amri. Akitaka mkeka anapewa. Akitaka nguruwe anapewa. Akitaka mtoto akamlee kwake, anapewa, na hakuna mwenye mdomo wa kusema hapana. Maka aliyajua haya tangu ananyonya, ndiyo maana namkasirikia mpaka leo.

"Vitu vyake hukuvigusa akiwa hai," Pisila alimwambia siku ile ile kisanduku kilipofungwa, "leo umemchukulia namba?"

"Namba si kitu, mama Loisi. Niliogopa itapotea. Kijiji kizima kinaijua kwa kichwa."

"Na mwenyewe je, ameisahau?"

Maka akacheka, lakini hakumtazama.

Pisila alikuwa na sababu ya kuuliza. Melenaite hakujaliwa mtoto, na huyu Loisi, binti wa Pisila na Maka, alimwomba tangu yuko tumboni. Pisila hakukataa, angekataaje? Alisema, akiacha ziwa, dada. Kisha akasema, akianza shule. Kisha, amalize kwanza mwaka huu. Melenaite akafa anasubiri, wakati wa korona, ndege haziruki, kaka yake akamzika kwa kutazama kioo cha simu. Na Loisi akabaki hapa, ana miaka minane, ana pengo mbele na maneno mengi kuliko kasuku.

Jumapili wakarudi kutoka kanisani. Maka bado ana mkeka wake kiunoni, vazi letu la heshima, Pisila anapakua nyama ya kondoo iliyofungwa na tui kwenye majani ya magimbi, jua kali nje, watoto wa jirani wanapigizana mpira ukutani. Simu ikalia. Loisi akachomoka kuikimbilia, baba yake akamuwahi.

"Haloo."

Akasikiliza. Halafu mwanamume yule, mwenye mwili wa kubeba jokofu peke yake, akapiga magoti, akakaa chini sakafuni, akainamisha kichwa.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, dada. Ndiyo."

Mwiko ukamponyoka Pisila. Chumbani iliingia harufu ambayo haikutoka jikoni: mafuta ya nazi yenye sandali, yale yale aliyokuwa akijipaka Melenaite, na chini yake harufu ya mchanga uliolowa, mchanga wanaotandaza juu ya makaburi kwetu.

"Unaongea na nani?" Pisila alinong'ona.

Maka akarudisha mkonga mahali pake taratibu.

"Ameuliza mtoto wake tunampelekea lini."

"Na wewe umejibu nini?"

"Pisila..."

"Umejibu nini, Maka?"

"Nimesema ndiyo. Ningesema nini mimi? Ni Melenaite!"

"Ni maiti!"

"Ni dada yangu," Maka akasema, na machozi yakaanza kumtoka.

Pale mezani Loisi akasukuma sahani yake. "Nimeshiba," akasema. Alikuwa hajatia hata tonge mdomoni.

Kwetu hao tunawaita tevolo. Wewe mwite jini, mwite mzimu, akishaingia ndani jina halimtoi. Hakuja na makelele. Asubuhi Pisila alipotandika kitanda cha mtoto alikuta mchanga kwenye shuka, mchanga mweupe ambao Logan nzima huupati, akaukung'uta, kesho yake akaukuta tena. Nywele za Loisi zikawa zimelowa kila wakati, ukizikausha kwa taulo zinalowa mkononi mwako, zinanuka sandali. Maneno yake yakaisha. Na mchana mmoja, saa ambayo kila mtu yuko kazini na mtaa umetulia, Pisila akachungulia dirishani akamwona mwanawe nyuma ya nyumba, peku, ameinama kama mwanamke mzima mwenye mgongo unaouma, mikono mitupu inakwenda huku na huku, na nyasi mbele yake zinalala upande, zinalala na hazinyanyuki, njia nyembamba inatoka mlangoni mwa jikoni inakwenda mpaka kwenye uzio.

"Loisi! Unafanya nini, mama?"

"Nafagia. Shangazi anatokea kwake, mimi natokea huku."

"Mkutane wapi?"

Mtoto akamtazama kwa upole, kama anayemhurumia. "Imebaki kidogo. Amesema tukishashikana mikono nisigeuke nyuma."

Pisila akaingia ndani mbio, akang'oa waya wa intaneti, akang'oa wa umeme. Taa ya kijani ikabaki inawaka. Akachukua nyundo ya mumewe, akakiponda kisanduku mpaka vikatapakaa vipande sakafuni, na simu ya mezani, isiyo na waya wa kwenda popote, ikaanza kulia.

Wakampeleka mtoto hospitali. Wakampima damu, wakamtundikia maji, wakasema hawaoni ugonjwa, pengine ana huzuni, wamtafutie wa kuongea naye. Mchungaji akaja na wazee wa kanisa, wakaomba hadi jasho, na katikati ya maombi simu ikalia, mzee mmoja akasema "samahani" na kwenda kuipokea kwa mazoea, akairudisha haraka, akaaga kwamba ana mgeni nyumbani.

Ndipo Pisila akamwendea Seini, mama anayefunga kuku kiwandani ambaye jioni hutibu watu kwa majani. Seini alikuja na majani yake ndani ya kopo la aiskrimu. Akayaponda, akayakamua machoni mwa mtoto, puani, masikioni. Mtu aliyeshikwa hupiga kelele akikamuliwa yale majani. Loisi akacheka, kicheko kizito cha mwanamke wa makamo. Seini akafunga kopo lake.

"Dawa hii ni ya mtoto aliyeibwa," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu hakuibwa. Huyu katolewa. Nani kati yenu katoa?"

Maka hakuweza kuinua uso.

"Basi aliyetoa ndiye akatae. Chukua simu."

Maka akaushika mkonga kwa mikono miwili. Fagio lilisikika mpaka tulikokuwa tumesimama sisi majirani, mlangoni. "Dada," akasema. "Dada, naomba... ha..." Neno likamkwama. Mishipa ya shingo ikamtoka, na neno dogo kama lile halikutoka, maana tangu azaliwe hakuwahi kulitamka mbele ya dada yake, hata kwa mzaha. Pisila akampokonya.

"Melenaite! Ni mimi, mke wa Maka. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekucheleweshea. Nichukue mimi. Mwache mwanangu, nakuomba, nakupigia magoti, mwache!"

Chwaa, chwaa.

"Wewe si wa damu yao," Seini akasema. "Kwake wewe ni nzi tu. Juu ya huyo Melenaite yuko nani?"

"Juu ya dada yangu hakuna mtu," Maka akasema.

Pisila akageuka kama kapigwa kofi. "Kwani yeye hakuwa na shangazi?"

Alikuwa naye. Alikuwa hai, Kalolaine, dada wa baba yao, kaishapita tisini, anaishi kwa binti yake upande wa pili wa mto, akili zinakuja na kuondoka. Maka aliondoka na gari bila hata kuvaa viatu. Pisila akabaki amempakata Loisi, ambaye sasa miguu yake ilikuwa baridi mpaka magotini na mikono ameinyoosha mbele, vidole wazi, kama anayetaka kupokewa, na Pisila akaikunja ile mikono, ikanyooka, akaikunja, ikanyooka, akaishika kwa nguvu kifuani kwake akimwimbia nyimbo za uchangani huku sauti inamkatika, na simu inalia, inalia, inalia, hakuna anayethubutu kuigusa.

Kalolaine akaingia kwenye kiti cha magurudumu, ana ndala na sweta lililofungwa vifungo upande.

"Nani kafa?" akauliza.

"Bado, shangazi," Pisila akasema. "Tusaidie kabla."

Wakamweleza. Sijui alielewa kiasi gani. Alimtazama mtoto, akapanua pua kwa ile harufu, na uso wake ukakaza. Akanyoosha mkono, akawekewa mkonga sikioni.

"Wee Melenaite! Nani kakufundisha kusumbua nyumba za watu? Hebu weka hilo fagio chini. Weka chini nikiongea!"

Fagio likaacha. Nakwambia chumba kizima tulisikia likiacha.

"Nasikia umeomba mtoto. Umepewa? Vizuri. Sasa mimi shangazi yako namtaka huyo mtoto. Nipe."

Maka alikuwa ameziba uso. Halafu ndani ya mkonga, ya mbali sana, ikatoka sauti ya mwanamke anayelia na anayejizuia asilie.

"Ndiyo, shangazi."

Loisi akakohoa mchanga. Akatapika mchanga na maji ya chumvi mapajani mwa mama yake, akavuta pumzi, akaanza kulia kilio chake mwenyewe, cha pengo, akasema ana njaa. Pisila akambusu kila mahali, akambusu Maka, akaenda kubusu miguu ya bibi.

"Haya," Kalolaine akasema, "fungasheni nguo zake."

"Nguo za nani, shangazi?"

"Za mtoto wangu. Mlidhani natania? Yule anasikiliza. Neno kama lile ukilisema, unalitimiza. Akimwona bado yuko kwako, atajua nilimdanganya."

Pisila akafungasha mwenyewe: sare ya shule, miswaki miwili kwa sababu hakujua achague upi, mwanasesere asiye na nywele. Loisi akavuka mto siku ile ile.

Sasa amenawiri, anasoma, anacheza na wajukuu wa kule, na wakati mwingine anajisahau anamwita binti wa Kalolaine mama. Pisila huenda kila siku akitoka kazini. Watu wanasema anamfuata mtoto. Wanasema kwa sababu hawajamwona anapofika. Akifika anampita Loisi uwanjani, anampungia tu mkono, anakwenda moja kwa moja chumbani kwa bibi, anasikiliza kifua chake, anamgeuza ubavu, anampaka mafuta mgongoni, anampa dawa. Maana aliwahi kumuuliza, "Shangazi, ukiondoka, mtoto anakuwa wa nani?" Na bibi, akili zikiwa zimetulia siku hiyo, akasema, "Wa aliyepewa kabla yangu."

Wiki hii Kalolaine amekataa chakula. Jana nilikwenda na Pisila kumsalimia. Pisila alikuwa ameinamia kitanda na bakuli la supu ya samaki.

"Kijiko kimoja tu, shangazi."

"Nimechoka, mwanangu. Mwili wote unauma. Nimekaa sana."

"Kimoja. Kwa ajili ya Loisi."

"Loisi ni mtoto mzuri," bibi akasema. Akamshika Pisila kifundo cha mkono, akamtazama kwa macho safi kabisa. "Mimi ni shangazi wa mumeo. Sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba. Niache niende. Sema ndiyo."

Kutoka nje tulimsikia Loisi anahesabu kwa sauti, wenzake wamejificha.

"Hapana," Pisila akasema.

Binti wa Kalolaine aliyekuwa mlangoni akashtuka akaziba mdomo. Pisila hakumwona. Akamshika bibi kidevu, akakibana mpaka mdomo ukafunguka, akaingiza kijiko. Supu ikamwagikia shingoni. Bibi akafumba macho, machozi yanamtoka pembeni, na Pisila naye analia, na akachota tena.