Suti ya Baba Mdogo

Foleni ya chakula ilikuwa imetoka jikoni, imezunguka ukumbi mzima na kufika mpaka mlango wa vyoo. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 2015, mjini Columbus, Marekani, siku ya mkutano wa kwaya za Waswahili, na watu waliokuwa wameimba tangu asubuhi sasa walikuwa wanatazama masufuria kwa jicho baya. Katikati ya foleni alisimama Gracieuse Mushagalusa, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya Louisville, ndani ya gauni jeupe la lesi lililomshika kiunoni vizuri, kilemba cha rangi ya dhahabu kichwani, na viatu virefu vilivyokuwa vinamuua vidole. Alijua amependeza. Ndipo kijana mmoja mrefu, sahani mbili mikononi, alipogeuka kumsalimia mchungaji, akammwagia sombe tumboni.

Sombe, jamani! Majani ya muhogo yaliyopondwa na kuogelea kwenye mawese, juu ya lesi nyeupe!

"Iih! We muntu, unaangalia kwa macho ao kwa kisogo?"

"Samahani, dada. Samahani sana." Kijana akavua tai yake ya bluu, akaanza kumpangusa nayo. Doa lililokuwa la ukubwa wa kiganja likawa la ukubwa wa ungo.

"Acha! Unanipaka! Bon, sasa minakuwa chungu cha sombe."

"Naitwa Yoeli."

"Nani amekuuliza jina?"

"Sasa ukienda kunishtaki kwa mchungaji utasema ni nani?"

Gracieuse alitaka kukasirika zaidi, akashindwa, akacheka. Siku ile alikula amejifunga koti la Yoeli kiunoni. Akarudi nalo Louisville. Koti la mtu lazima lirudishwe, na kulirudisha lazima upige simu, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Yoeli alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, sasa anapakia maboksi kwenye ghala huko Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege wa Buffalo. Gracieuse alikuwa mtoto wa Bukavu. Aliishi Highview na mama yake, Dative, mjane aliyekuwa akiosha na kulisha vikongwe kwenye nyumba ya wazee, naye Gracieuse alifanya kazi ya kiwanda Jeffersontown. Kati ya Louisville na Buffalo gari linakula siku nzima, kwa hiyo mapenzi yao yaliishi kwenye simu.

"Mpenzi, theluji imefika magotini."

"Pole, chéri. Huku miye niko na kandambili."

"Usinitukane. Umekula?"

"Nimekula. We umekula nini?"

"Mkate."

"Mkate tena! Yoeli, siku moja utageuka kuwa mkate, nikupake siagi."

Mara moja kwa mwezi walikutana Columbus, kila mmoja ameendesha upande wake. Walikula nyama choma, wakatembea madukani bila kununua kitu, wakaagana kwenye maegesho kwa muda mrefu mpaka watu wakawapigia honi.

Jambo moja tu hawakuliongea. Yoeli alipomuuliza habari za ukoo wa baba yake, Gracieuse alijibu, "Baba alikufa," kisha akabadilisha mazungumzo. Kuna mambo yaliyomtia aibu hata kuyatamka.

Pasaka ya mwaka 2016 Gracieuse alikwenda Buffalo. Yoeli akampeleka kwenye jengo la maduka Cheektowaga amsaidie kuchagua suti. Alichukua ya kijivu, nzuri, ila tumboni wangeingia Yoeli wawili.

"Ya nani hii?"

"Ya mzee mmoja."

"Huyo mzee wako ana mimba?"

Walicheka mpaka muuza duka akawatazama. Gracieuse akaisahau.

Mwezi wa nane wakaenda Uingereza. Wote wawili walikuwa na pasipoti mpya za bluu, na huko kazini Wazungu kila mwaka walikuwa wanasimulia likizo zao, eti sisi likizo yetu ni kufua nguo tu? Safari hii, walisema, nasi twende tukaangalie vitu. Mama Dative alikubali kwa sababu wangefikia London kwa Caritas, binamu yake Yoeli, shemasi mkali, ambaye alimlaza Gracieuse na binti zake na kumtupa Yoeli kwenye kochi.

Ukweli usemwe, mambo mengine ya London yalimtia Gracieuse kinyaa. Mto wao maarufu ulikuwa na rangi ya chai iliyochacha. Njiwa walimnyea kwenye bega mbele ya sanamu ya askari fulani. Na Yoeli, kwa kujifanya mtalii, akanunua bakuli la mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, waliogandishwa ndani ya uji wao wenyewe, vipande vya kijivu vinavyotetemeka.

"Onja, mpenzi. Ni chakula cha hapa."

"Hiki? Hiki ni kamasi yenye mifupa!"

Yoeli alimeza kipande kimoja, macho yakamtoka, akameza tena kwa ubishi. Lakini juu ya basi jekundu la ghorofa, upepo ukimpiga, mkono wake ndani ya mkono wa Yoeli, Gracieuse alijiambia kwamba kama huyu mtu angemwomba uchumba dakika hii, angemkubali kabla hajamaliza sentensi.

Siku ya tano Yoeli alisema waende Manchester wakaone uwanja wa mpira. Wakaenda, wakaona nyasi, akapiga picha mia. Kisha akaita teksi. Alikuwa amebeba begi la suti, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi.

"Tunaenda wapi?"

"Utaona. Ni jambo zuri. Nakuomba uniamini."

Teksi ikasimama mbele ya nyumba ya matofali mekundu. Mlango ukafunguka, na mwanamume mnene mwenye fulana akasimama pale anafyonza kichwa cha samaki. Alikitoa mdomoni, akafuta vidole kwenye fulana, akatanua mikono.

"Binti yangu!"

Gracieuse alimjua kwa sauti. Ilikuwa sauti ya Jean-Baptiste, mdogo wake baba.

Alikuwa na miaka saba alipoisikia mara ya mwisho, Bukavu, siku ya tatu ya matanga ya baba yake. Watu walikuwa bado wamekaa kwenye mikeka wanalia. Jean-Baptiste aliingia na vijana wanne akasema nyumba ni ya ukoo, mwanamke arudi kwao. Alitoa vyungu. Alitoa cherehani. Mwisho alimwambia Mama Dative ainuke, akachukua na godoro alilokuwa amelikalia. Walitoka na nguo za mwilini tu, na mvua ilikuwa inanyesha.

Sasa mtu huyu huyu alimkumbatia kwa mikono yenye mafuta ya samaki, akambusu mashavu yote mawili. Ndani kulikuwa na harufu ya soksi na dagaa. Wanaume watatu waliovaa tai walikuwa wamekaa kwenye makochi wanasubiri, na mmoja, mzee Mutware, akasimama kumsemea Yoeli na kuanza hotuba: vijana wameona ua katika bustani ya Mushagalusa, wamekuja kubisha hodi kuomba uchumba. Jean-Baptiste alichukua lile begi, akaingia chumbani, akarudi amevaa suti ya kijivu. Ilimkaa sawasawa. Akajipapasa tumbo, akacheua, akasema, "Bon. Mimi baba yake nimepokea. Mtoto nimemtoa."

Wale wanaume wakapiga makofi. Gracieuse alikimbilia jikoni akatapika kwenye sinki, juu ya vyombo vyake vichafu, wala hakusikitika.

Yoeli alimkuta barabarani anatembea haraka bila kujua anakokwenda.

"Gracieuse! Nini? Nimekosa nini?"

"Usiniguse! Umenitembeza nchi nzima kama mbuzi, kunipeleka kwa mwenye kuniuza!"

"Nilitaka iwe furaha. Mzee Ezéchias kule kanisani alinifundisha: mahari haipelekwi kwa mwanamke. Baba akifa, mdogo wake ndiye baba. Nikatafuta jina la Mushagalusa Facebook, nikampata. Yeye mwenyewe akasema nisikuambie."

"Kabisa alisema! Alijua nikisikia sitafika. Yule alimuvua mama yangu godoro, Yoeli! Mama alikuwa mufiwa, amelikalia, akamwambia inuka!"

"Hukuniambia. Nilikuuliza mara ngapi?"

"Na ndiyo maana ukaenda kuuliza yeye?"

Hapo wote wawili walikuwa na kosa, na hakuna aliyetaka kulibeba. Kwenye ndege Gracieuse alijifunika shuka mpaka utosini. New York wakaachana bila kwaheri, yeye akaenda mlango wa Louisville, Yoeli akaenda mlango wa Buffalo. Simu zikaanza siku hiyo hiyo. Hakupokea hata moja. Kila alipoona jina la Yoeli kwenye kioo alinusa samaki.

Gracieuse hakumwambia mama yake kitu. Alimwonyesha picha za basi na za kasri, akanyamaza.

Lakini mtu kama Jean-Baptiste hajui kunyamaza. Wiki ya pili aliweka picha Facebook, kifua mbele, suti inang'aa: "Nimemtoa binti yangu. Mungu ni mwema." Jumapili baada ya ibada wanawake walimzunguka Mama Dative na vigelegele. Hongera mama, tumeona, kumbe mambo yaliishia Uingereza! Mama Dative alitabasamu, akashukuru kila mmoja. Ndivyo alivyopata habari.

Nyumbani alivua viatu, akakaa kumenya ndizi.

"Donc, ni Jean-Baptiste alikutoa?"

"Mama, sikujua. Nakuapia."

"Bon," alisema mama, akaendelea kumenya. Hakulia wala hakugomba. Aliinama kidogo tu, kama mtu aliyezoea kuambiwa ainuke. Gracieuse alijisikia mchafu kuliko siku ile ya Manchester. Akaingia bafuni akapiga simu.

"Gracieuse? Ni wewe? Asante Mungu, nili..."

"Nyamaza unisikilize. Mama amejua. Amejua kwa watu wa kanisa, Yoeli, kwa vigelegele. Kama mambo iko vile yule alisema, miye siolewi. Si wewe, si mwingine. Sitatolewa na mikono ile. Naona kinyaa mpaka kwa jina langu."

"Nifanye nini?"

"Sijui. We ndiye ulijua mlango wa kubisha."

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, gari la Buffalo likasimama Highview. Alishuka Yoeli, shati limekunjamana kwa safari. Nyuma yake akashuka mzee Ezéchias mwenyewe, kofia mkononi, uso umemshuka. Mama Dative alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, bado na sare yake ya zambarau yenye doa la uji wa mgonjwa. Aliwakaribisha, akaelekea jikoni kuwatafutia soda.

"Mama, tunakuomba ukae," alisema Yoeli. Mama akakaa, yeye akabaki amesimama. Alitoa simu, akaiweka mezani, sauti juu, akampigia Jean-Baptiste.

"Mkwe wangu!" sauti ilijaa sebule. Mama Dative akashika ukingo wa meza.

"Baba mdogo, nipo kwa Mama Dative. Neno nililoleta kwako nalirudisha. Nilikosea nyumba."

"Eh? Unasema nini? Mwanamke hapokei! Uliza wazee wako! Mtoto ni wa ukoo, na nimeshatangaza!"

"Aliyemlea ni nani?"

"Nasema ni wa ukoo! Na suti sirudishi!"

"Ivae, baba mdogo. Ikuoze mwilini," alisema Yoeli, Yoeli mpole ambaye hakuwahi kumjibu hata msimamizi wa ghala, akakata simu.

Mzee Ezéchias akakohoa. Kijana alimfuata yeye, alisema, na yeye alimfundisha kama alivyofundishwa. Hakuwahi kufikiri kuuliza huyo baba mdogo ni mtu gani. Akapiga goti moja mbele ya Mama Dative, taratibu kwa sababu ya mgongo, akasema wamekuja kubisha, kama bado kuna wa kuwafungulia.

Mama Dative aliinuka, akaenda chumbani. Gracieuse alidhani amekataa, machozi yakamjia. Lakini mlango ulifunguka na mama akatoka ndani ya kitenge cha kijani na kilemba chake, akavuta kiti mpaka katikati ya sebule, akakaa. Akauliza swali ambalo kwetu binti huulizwa mbele ya wageni, ambalo kule Manchester hakuna aliyekumbuka kuliuliza.

"Gracieuse. Hawa bantu unawajua?"

"Mzee simjui sana. Huyu kijana namjua, mama. Ni mjinga, tena mjinga sana." Akafuta machozi kwa kiganja. "Lakini ninamtaka. Wapokee."

Mama alimtazama Yoeli, akamtazama kwa muda mrefu mpaka kijana akainamisha kichwa. Kisha akanyoosha mgongo.

"Mzee Ezéchias, sikiliza, na kule Buffalo ukaseme hivi hivi. Hakuna ukoo ulimtoa huyu mutoto. Ni mimi. Mimi Dative, nimemtoa."

Sauti ilimkatika kwenye neno la mwisho, akalirudia tena, kwa nguvu, mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.