Mkate Uliongoja Mezani

Fumba macho kidogo, uuone ukumbi huu pamoja nami. Meza ndefu ya mbao nzito. Nyama ya kondoo imepoa, na mafuta yake yameganda meupe pembeni mwa sinia. Mikate imepangwa, jibini limekatwa, pombe ya asali imemiminwa. Watu wamekaa pande zote mbili na nguo zao za sikukuu, na hakuna anayekula. Mwishoni mwa benchi yuko mtoto wa kike ambaye miguu yake haifiki chini. Anautazama mkate.

Mtoto huyo ni Efa. Mimi, mtawa Madrun, ndiye niliyemfundisha sala na herufi, kama nilivyowafundisha watoto wote wa nyumba ya Bwana Ithel, huku kwetu kwenye milima ya Wales.

Ithel, baba yake Efa, alimpenda mno yule mfalme wa zamani. Unamjua. Yule anayeimbwa na wapiga vinubi, aliyewatetea wajane na hakuvunja neno lake hata mara moja. Watu wanasema hakufa. Wanasema amelala chini ya mlima pamoja na askari wake wa farasi, anangoja. Na nyimbo zinasema kwamba siku ya Pentekoste mfalme huyo hakugusa chakula mpaka aingie mgeni mwenye ombi, naye alilikubali ombi kabla hajalisikia. Basi Ithel akaifanya desturi hiyo kuwa yake. Kila Pentekoste tulikaa mbele ya chakula tukingoja mgeni.

Kwa kawaida ulikuwa mchezo tu. Mgeni alikuwa Meurig, mchoma makaa wa ng'ambo ya mto, na kila mtu alijua atakuja mara tu baada ya misa. Mwaka mmoja aliomba Ithel ambebe mgongoni azunguke naye uani. Ithel akambeba, huku Meurig akimhimiza kama farasi mvivu. Tulicheka hadi machozi, kisha tukala.

Mwaka huu ninaokusimulia, Meurig hakuja.

Adhuhuri ikapita. Jua likaanza kuegemea mlimani. Kila mara Efa alinivuta mkono na kuuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, bado?" Nami nikamjibu kwamba bado kidogo. Nilimwomba mama yake, Generys, anikubalie kumpa mtoto walau ukoko wa mkate. Generys akamtazama mumewe. Ithel akasema, kwa upole kabisa, kwamba mfalme hakuvunja desturi kwa ajili ya tumbo la mtu, na kwamba mtoto atajifunza kuvumilia. Mpiga kinubi akadakia kwamba tumbo la binti wa mwungwana linapaswa kunguruma taratibu. Watu wakacheka.

Efa hakucheka.

Generys akaniinamia sikioni. "Dada Madrun, nenda mtoni ukamtafute huyo Meurig. Ukimkosa, niletee yeyote. Hata ombaomba. Mtoto anatetemeka."

Nikaenda.

Giza lilikuwa halijaingia. Kwenye kivuko maji yalikuwa machache, mawe yakionekana migongo. Nikaita, "Meurig..." Nikaita tena. Ng'ambo hakukuwa na moshi wa makaa, wala mtu. Ndege walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja, kama darasa mwalimu anapoingia.

Kisha nikasikia harufu. Chuma chenye kutu. Udongo mbichi. Nta ya mishumaa iliyozimwa sasa hivi... Harufu ya kanisa siku sakafu inapofunuliwa ili azikwe mtu.

Farasi alikuwa katikati ya mto.

Sikumwona akija. Alikuwa anavuka, lakini maji hayakuruka. Nilisikia deraya tu, vazi lake la vita, vipete vyake vya chuma vikisuguana. Kich... kich... Aliyempanda alikuwa amefunikwa chuma hadi usoni, na ngao yake ilikuwa imelika mchoro wote, ikabaki tupu. Alisimama karibu nami. Nikatazama kwenye tundu za macho za ile kofia.

Sikuona macho.

"Ithel hajala bado?" akanong'ona.

Hakuuliza kama mgeni. Aliuliza kama mtu wa nyumbani aliyechelewa. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimewaambia watoto waitike wanaposemeshwa, nikanyamaza.

"Vizuri," akasema.

Nilikimbia kadiri magoti yangu yalivyoniruhusu. Nikapita katikati ya watu, nikamfikia Ithel na kumwambia sikioni, "Bwana, anakuja mgeni. Usimpe neno lako. Huyo si mtu."

Ithel akatabasamu, kama watu wanavyowatabasamia wazee. "Madrun, umewasimulia watoto hadithi mpaka sasa zinakutisha mwenyewe." Akawaambia wote kwamba mgeni amepatikana. Kicheko cha nafuu kikazunguka meza. Mtu mmoja akashika kisu chake tayari.

Ndipo ile harufu ikaingia. Ndimi za mishumaa zikalala upande mmoja.

Alikuwa mlangoni, bila farasi. Maji yalimchuruzika kutoka kwenye deraya, tone... tone... lakini sakafu chini yake ilikuwa kavu.

"Nina ombi," akasema.

Ithel akasimama. Sijapata kumwona na furaha kama ile. Miaka yote ameletewa Meurig mwenye masizi puani, na leo mbele yake amesimama askari wa kweli, kama wa nyimbo. Akaweka mkono kifuani.

"Omba. Umeshapewa."

"Nataka mwenye njaa kuliko wote humu ndani."

Hakuna aliyemtafuta. Macho yetu yalikwenda yenyewe mwishoni mwa benchi, kabla hatujayazuia.

Ithel alitaka kuushika upanga wake. Niliona bega likijikaza, lakini mkono ulibaki palepale kifuani, umebanwa kwenye neno lake. Generys alifungua mdomo na sauti haikutoka. Nilijaribu kuinua mguu wangu. Mguu haukuwa wangu. Sote tulikaa hivyo, wazima, tukitazama.

Efa alishuka kwenye benchi. Hakuogopa. Hilo ndilo linaloniamsha usiku... hakuogopa.

"Huko kuna mkate?" akamuuliza.

"Upo," yule akajibu. "Umeshawekwa mezani."

Akampa mkono.

Ulimi wangu ulikuwa umebaki huru, sijui kwa nini. Nikasema, "Na mimi nina ombi."

Akasimama, mgongo ukituelekea. "Mimi si mfalme, mama."

"Basi nikamwombe wapi?"

"Yuko mezani. Hajala. Anangoja mtu aje na ombi."

"Tangu lini?"

Wakatoka, yeye na Efa.

Miguu yetu iliporudi tulikimbilia nje. Njia ilikuwa tupu. Aliyekuwa anakuja ni Meurig peke yake, ameloa hadi kifuani, akihema. Aliapa kwamba alikuwa kwenye kivuko tangu mchana, na mto ulikuwa umefurika, haupitiki. Nami nilikuwa nimeyaona mawe makavu kwa macho yangu. Alikuwa na ombi lake la kuchekesha. Hakuna aliyemuuliza ni lipi.

Chakula kile tuliwamwagia mbwa. Mbwa hawakukigusa.

Ithel hajakaa tena kwenye meza ile. Hula amesimama, uso ukutani, kama anaiba. Generys huzunguka milimani akigonga miamba kwa ngumi, na ombi lake la kurudishiwa mtoto lipo mdomoni tayari. Magoti yakikubali, nami hufuatana naye. Tukiupata mlango wa kuingia chini ya mlima, mfalme hawezi kutukatalia, kwa kuwa desturi ni yake. Tumegonga sana. Mwamba hujibu kama mwamba.

Na kila Pentekoste, jua likiegemea, mimi hushuka kivukoni na kuweka mkate juu ya jiwe. Ndege hunyamaza. Harufu huja... Kisha chini ya miguu yangu, mbali, nasikia sauti ndogo. Hailii. Imechoka tu.

"Bibi, bado?"

Asubuhi naukuta mkate ulivyokuwa.

Nyimbo za mfalme ni nzuri, mwanangu, nami sikukatazi kuzipenda. Naomba ukumbuke jambo moja tu. Siku utakayozisimulia wewe, kabla hujaanza, tazama mwishoni mwa benchi. Kama pana mtoto, mpe mkate kwanza.