Shina la Kidawa

Saa tatu kamili asubuhi, kama ilivyokuwa desturi ya kila Jumanne, ukurasa mpya wa katuni ya "Nyumba ya Mwisho" ulifunguka kwenye vioo vya simu za watu milioni mbili, na Kidawa akaanza kupumua.

Kupumua hasa. Kwa macho alikuwa mchoro tu, msichana wa wino mwenye kitambaa cha njano. Lakini nyuma ya mchoro kulikuwa na nafsibuni, yaani akili ya mashine iliyojengwa kwa ajili ya mhusika mmoja, ikiwa na kumbukumbu zake, hofu zake na hasa kasoro zake. Msomaji akimaliza ukurasa alimgusa Kidawa begani, akamuuliza, "Kwa nini ulimdanganya baba?" Naye alijibu, siku nyingine akijitetea, siku nyingine akinuna.

Salha Mbwana aliangalia mapigo ya nafsibuni hiyo kutoka ghorofa ya tisa, katikati ya jiji la Tanga. Yeye ndiye aliyezivumbua nafsibuni. Zile za mwanzo hazikufaa kitu. Makosa ya kubuni yalikuwa safi mno: mhusika akiiba, anamwibia mgonjwa dawa, akisema uongo, anamlinda yatima. Wasomaji wakalalamika kwamba wanalishwa uji usio na chumvi. Ndipo Salha alipopata dawa yake. Kila nafsibuni ikapandwa juu ya shina, sauti halisi ya mtu halisi akisimulia kosa lake halisi. Mtu huyo aliitwa mtoaji.

Sheria aliiandika mwenyewe. Mtoaji aridhie mbele ya mashahidi wawili. Shina lake lifungwe, na sauti yake ivikwe sauti nyingine ili hata mama yake mzazi asiitambue. Kwa mtoaji aliyefariki, mrithi aridhie kwa niaba yake. Kifungu hicho cha mwisho alikiandika haraka haraka mchana wa Ijumaa, njaa ikimuuma, na hakukisoma tena.

Sasa, wasomaji wa katuni tunawajua. Mtu anayeshindwa kumsalimia jirani yake anaweza kukesha akibishana juu ya tabia za mchoro. Walikuwa na baraza lao mtandaoni, na huko Kidawa alihukumiwa kila siku. Kosa lake lilijulikana. Baba yake alikuwa mgonjwa, yeye akapiga simu kusema hawezi kufika, treni zimesimama, ilhali treni zilikuwa zinapita mbele ya dirisha lake. Mzee akafa jioni ileile.

"Tusimpambe kwa maua," aliandika mmoja aliyejiita Sindano. "Huyu si mhusika mwenye utata. Ni mbinafsi."

"Ni binadamu," alijibu Mama Pacha, ambaye hakuwahi kubadilisha msimamo bila kuueleza kwa aya sita. "Mnataka wahusika wenye kasoro, mkipewa mnawapiga mawe."

Aliyemtetea Kidawa kuliko wote alijiita Mkeka. Mkeka alikuwa Salha. Miaka miwili alikuwa akiandika pale kwa siri, kwa sababu naye aliwahi kumwambia baba yake kwamba treni zimesimama. Hakuona ajabu. Ni watoto wangapi wamewahi kuisingizia treni? Alichoona ni kwamba mahali fulani yupo mtoaji mwenye aibu kama yake, na alimpenda mtu huyo asiyemjua. Alipomtetea, alilala vizuri.

Jumanne hiyo ukurasa mpya ulimwonyesha Kidawa akiingia chumbani kwa marehemu baba yake. Mezani palikuwa na sahani. Juu yake palikuwa na chungwa lililomenywa, ganda likiwa utepe mmoja usiokatika, kisha likazungushiwa ganda lake lilelile ili lisikauke kabla mgeni hajafika.

Salha aliweka kikombe chini.

Baba yake, Mzee Mbwana wa Muheza, ndiye aliyemenya machungwa hivyo. La mwisho alimwekea yeye. Salha alilikuta sahanini, na hakuwahi kumsimulia mtu mwingine chini ya jua ila shoga yake Mwantumu Shekue, kwa ujumbe wa sauti, wiki moja baada ya matanga. Na Mwantumu ndiye mwandishi na mchoraji wa "Nyumba ya Mwisho".

Ufunguo wa mashina yote ulikuwa wa Salha, na hakuwahi kuutumia hata mara moja. Aliutumia sasa. Alisikia mwanamke akilia, akipenga kamasi, akisema, "Sikuwa na kazi, Mwantumu. Nilichoka naye tu. Nilitaka kulala." Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Chini yake palikuwa na fomu, imejazwa kwa mwandiko mzuri alioufahamu tangu wakiwa dawati moja:

Mtoaji: marehemu. Mrithi aliyeridhia: Mwantumu Shekue.

Miaka miwili alidhani amepata mwenzake, kumbe alikuwa peke yake chumbani akijibembeleza. Alishuka ngazi ghorofa mbili.

Mwantumu alikuwa ghorofa ya saba, kalamu ya mwanga mkononi, miguu juu ya kigoda kama kawaida yake.

"Umeniandika marehemu," Salha alisema.

Mwantumu hakujifanya kutoelewa. Alishusha miguu. "Ilikuwa fomu tu, shoga."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Basi jibu langu ulikuwa nalo."

Mwantumu aliiweka kalamu mezani. "Nilikaa nawe matanga yote, Salha. Nilikuchana nywele, nikakulisha kwa mkono wangu. Nikajiuliza, mzigo huu aubebe peke yake mpaka lini? Nikasema watu wamsikie, wamwelewe. Na wamemwelewa. Mtazame yule Mkeka, kila siku yuko pale anamtetea."

"Mkeka ni mimi."

Nje, treni ya sumaku ya Muheza ilipita bila kelele.

"Lifute shina," Salha alisema.

"Siwezi. Wewe ndiye uliyeandika kwamba mtoaji pekee ndiye anayefuta." Mwantumu alikuwa akizungumza na sakafu. "Na kwenye daftari la watoaji wewe umekufa. Kumrudisha mtu daftarini ni siku arobaini."

"Na kura ni leo."

"Saa nane mchana."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kura ya mwisho. Katika sura ya kufungia hadithi, Kidawa angeota yuko mlangoni kwa baba yake, na wasomaji wangeamua mzee amfungulie au asimfungulie. Jana yake tu Salha alikuwa ameandika aya tatu kuwaomba wapige kura ya ndiyo. Leo alitambua kwamba wageni milioni mbili walikuwa wameitwa kuamua kama baba yake mwenyewe amsamehe.

"Utawaambia?" aliuliza Mwantumu.

"Nitawaambia."

"Nisamehe, Salha."

"Wewe hukuwa na haja ya kuisingizia treni," Salha alisema. "Ulikuja kila siku. Ulikuja ukachukua."

Alirudi ghorofa ya tisa, akawasha kipaza sauti cha baraza, akaacha jina la Mkeka. Aliongea kwa sauti yake, polepole, bila kujipamba. Alisema mwanamke aliye nyuma ya Kidawa yupo, yu hai. Alisema hakuridhia. Aliomba kura isimamishwe, kwa sababu baba anayezungumziwa amezikwa Muheza na hana mlango wa kufungua.

Alipomaliza alitazama kioo. Baraza lilikuwa na kitambuzi cha sauti, alichokiweka mwenyewe ili wahuni wasiazime majina ya watu. Kitambuzi kilikuwa kimelinganisha sauti yake na shina, kikaona ni moja, kikaandika juu ya maneno yake jina lililosajiliwa: KIDAWA.

"Leo mwandishi amejitahidi," aliandika Sindano. "Kwa mara ya kwanza nimeguswa."

"Mhusika kuomba kura isimamishwe! Hilo sikulitarajia," aliandika mwingine.

"Mimi si mhusika," Salha alisema. "Naitwa Salha Mbwana. Nafanya kazi ghorofa ya tisa."

"Wamemwingiza mpaka fundi wa nafsibuni. Ubunifu wa hali ya juu."

"Hata sasa anatafuta huruma tu. Ndiyo kasoro yake ileile."

Mama Pacha alichelewa, kama mtu anayefikiri. Kisha aliandika, na safari hii alifupisha: "Nimemtetea miaka miwili. Angekuwa mtu wa kweli, ningemtafuta nikamkumbatie. Lakini huyu ni wa hadithini, na hadithi itakuwa nzuri zaidi mlango ukibaki umefungwa. Napiga hapana."

Wengi wakamfuata.

Saa nane, kura ilipofungwa, Kidawa alitokea katika ndoto yake, akapanda ngazi za nyumba ya mwisho. Salha alijua mapema jinsi angesimama, mguu mmoja nyuma. Chini ya sauti ile ya kuvikwa, sasa alijisikia wazi. Kwenye vioo milioni mbili alibisha hodi akimwita baba, wasomaji wakitazama, na hakufunguliwa.