Fuvu Lililopanguswa

Glasi ilikuwa imejaa maji Ornella alipoiweka kando ya kitanda. Alikwenda kuvua viatu tu, akarudi, akaikuta kavu. Hata unyevu haukuwepo.

"Tullio, umekunywa maji yangu?"

"Mimi? Tangu lini nikanywa maji na divai ipo?" mumewe alijibu, amejilaza, kofia usoni.

Ornella akacheka, akajaza tena. Walikuwa wametoka Bergamo, kaskazini, kwenye ukungu na watu wa kununa, kuja kuitembea Napoli kidogo kabla tumbo halijawa zito. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Mbili za kabla yake zilitoka mapema, na baada ya kila moja Ornella alikaa wiki nzima bila kusema na mtu. Hii ilikuwa imefika mbali kuliko zote. Jina walishalichagua, Ivano, na walilificha hata kwa mama zao, maana waliogopa kuitia mkosi.

Asubuhi hiyo walikuwa wamezunguka hadi miguu ikauma. Pikipiki ziliwapita mbavuni vichochoroni, wanawake walishusha vikapu kwa kamba kutoka ghorofani huku wakitukanana kwa furaha, na pizza ya kukaanga iliwaunguza midomo. Mwisho wakaingia lile pango la mtaa wa Sanità lenye mafuvu ya waliokufa kwa tauni zamani, watu wasio na jina wala jamaa. Ornella alitaka picha. Fuvu la mbele lilikuwa na vumbi, basi akatoa leso, akalipangusa polepole, paji lote na mashimo ya macho.

"Mwombe basi, si wanasema yanasikia?" Tullio alimtania. "Mwambie atulindie mtoto."

Yeye alikuwa anatania. Ornella alifumba macho akaomba kwa moyo wake wote, kisha akapiga picha, wakaenda zao kula.

Na sasa ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo mji ule wenye mdomo hufunga madirisha na kunyamaza kimya. Ornella akaitazama glasi ya pili. Maji yalikuwa yanashuka. Yalishuka kwa mafunda, na kila funda lilikuwa na sauti ya koo likimeza.

"Tullio," alinong'ona. "Amka. Kuna mtu humu."

"Nani tena, jamani..."

Tullio hakumaliza, kwa sababu harufu ya udongo wa chini kabisa ilikuwa imekwisha kujaa chumbani, na bomba la jikoni lilikuwa limefunguka lenyewe likimwaga maji kwa nguvu bila hata tone moja kufika kwenye sinki, na Ornella alikuwa amebanwa ukutani, mikono juu, akitazama gauni lake likijikunja tumboni, kwa sababu kitu kikavu na baridi kilikuwa kinampitia pale taratibu, kikizunguka, kikirudi, kwa upole mkubwa, kikimpangusa kama alivyolipangusa lile fuvu.

Walishuka ngazi pekupeku. Bi Carmelina, mwenye nyumba waliyofikia, alikuwa mlangoni kwake akimenya maharage. Aliwatazama mara moja tu, akaweka bakuli chini.

"Mmetoka pangoni, eh? Mmegusa nini?"

"Nililipangusa moja," Ornella alisema. "Lilikuwa na vumbi tu, Bi Carmelina."

"Mama yangu! Hapa ukilipangusa umelichukua, mwanangu. Umeshakuwa ndugu yake. Ukaomba na kitu?"

"Niliomba."

"Na mnaondoka lini?"

"Jioni hii," alisema Tullio.

"Ndio nyinyi watu wa kaskazini! Umwoshe, umwombe, halafu umtupe? Huyo ana kiu ya miaka yote hiyo, na hana jina. Ukipanda treni, naye anapanda." Alikuwa ameshachukua chupa ya maji na mshumaa. "Twende. Utamnywesha, utampa jina, halafu uniachie mimi, nitamtunza kila Jumatatu, siku ya wafu. Jina lolote, lakini liwe lake peke yake. Asigawane na mtu. Mmenisikia?"

Walimsikia.

Pangoni Bi Carmelina aliwasha mshumaa. Ornella akamimina maji juu ya fuvu, na yale maji hayakufika chini.

"Sema jina, mwanangu."

Ornella alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa umekauka, umenata juu, na alipojaribu kuung'oa alisikia yale mafunda tena, safari hii kooni mwake mwenyewe, na harufu ya udongo ikajaa tena, na mwali wa mshumaa ukalala upande, na ule mkono mkavu ukarudi tumboni, ukazunguka, ukakaza, hadi akapiga magoti kwenye mawe huku anashika tumbo kwa mikono miwili, na Tullio, ambaye tangu asubuhi alikuwa na neno la utani kwa kila kitu, akaona mtoto wake wa tatu anakwenda, akapiga kelele kwa sauti ambayo hakuijua:

"Mwache! Mwache Ivano!"

Mwali ukasimama wima. Harufu ikakatika. Ornella akavuta pumzi, akagusa tumbo, halikuuma.

"Ivano," alisema Bi Carmelina, akifanya ishara ya msalaba. "Kalipokea. Jina zuri. Alikuwa nani kwenu, babu?"

Ornella alimtazama mumewe. Tullio akamwinua, wakatoka.

Jioni wakapanda treni. Mji ulibaki nyuma na kelele zake. Ornella alikunywa chupa nzima ya maji, akaomba ya Tullio, akaimaliza.

"Bado nina kiu," alisema. Halafu akashtuka, uso ukamchangamka. "Tullio! Anacheza! Lete mkono, upesi!"

Ilikuwa mara ya kwanza. Tullio aliweka kiganja, machozi yakimlengalenga, hofu yote ikimtoka. Alisahau kila kitu. Aliinama karibu na tumbo, akaita kwa upole:

"Ivano?"

Mtoto hakupiga teke. Kwa ndani, chini ya kiganja chake, kitu kilianza kupita polepole, kikizunguka, kikirudi, kinapangusa.