Neno Ambalo Nyuki Hawakulijua

Nyuki-waamuzi arobaini wa chuma walizunguka juu ya uwanja wa Mbeya, kila mmoja mdogo kama punje ya hindi. Waliona kila mguso na kupima kila hatua. Hukumu yao ilishuka kwenye kisikio kilichopachikwa sikioni mwa Tupokigwe. Yeye, mwamuzi wa miaka ishirini na miwili, kazi yake ilikuwa kupuliza filimbi tu.

"Shikamoo, bibi mwamuzi," alimtania Ambakisye, nahodha wa wenyeji, kabla ya mpira kuanza. "Leo unachezesha wewe au nyuki?"

Wachezaji wakaangua kicheko.  Asubuhi Tupokigwe alikuwa amepiga magoti akaomba jambo moja: Mungu, leo waniheshimu.

Dakika ya sabini, Lusajo, mshambuliaji wa wageni, alianguka ndani ya eneo la kumi na nane. Hapakuwa na mtu karibu naye.

Kwa mchezaji aliye chini, nyuki walijua maneno mawili. Akiwa ameguswa, kaangushwa. Akiwa hakuguswa, kajiangusha, na hapo ni kadi ya njano.

"Kajiangusha," kisikio kikasema.

Tupokigwe aliona midomo ya Lusajo ikibadilika rangi. Aliona vidole vyake vikichimba nyasi. Alianza kuinua mkono awaite madaktari, mara jukwaani mtu akapaza sauti, "Mwamuzi mtoto kaogopa huyo!"

Mkono ukaenda mfukoni. Akasimama juu ya Lusajo, akanyanyua kadi.

"Amka, bwana. Acha maigizo."

Uwanja mzima ukampigia makofi, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi.

"Huyo sasa ndiye mwamuzi!" alisema Ambakisye, safari hii bila utani. Akainama kumvuta Lusajo mkono ainuke. Akauachia mkono ule, ukadondoka.

"Dada," alisema taratibu. "Huyu hapumui."

Baada ya mechi, afisa wa ligi alimwekea Tupokigwe kioo cha ripoti. Kilikuwa na visanduku viwili: kaangushwa na kajiangusha.

"Nyuki hawakukosea. Hakuguswa. Weka kidole hapa, na fainali unachezesha wewe."

Ukumbini mama yake Lusajo alikuwa akimlilia mwanawe kwa jina la utotoni. Tupokigwe akavua kisikio.

"Naomba karatasi, mzee."

"Karatasi? Ya nini?"

Akaandika kwa mkono: *Kaanguka*. Chini yake akaongeza: *Mimi niliona.*

"Ukiandika hivyo, binti, hushiki filimbi tena."

"Najua."

Akaikunja karatasi, akatoka nayo kwenda kwa yule mama.