MUME WANGU ALITOBOA BOTI YANGU

"Maji! Dada, maji yanaingia!"

Mdogo wangu alipiga kelele akiwa amelala kwenye godoro, mikono yote miwili tumboni. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri.

Niligeuka nyuma. Moshi ulikuwa unafuka kwenye boksi la injini, moshi mzito wenye harufu ya kamba inayoungua. Chini ya godoro, maji yalishaanza kucheza.

Hospitali iko ng'ambo. Sisi tulikuwa katikati kabisa.

Nikazima injini.



Nikamgeukia mume wangu.

"Umefurahi sasa? Si nilikwambia? Si nilikwambia boti haitobolewi?"

Alikuwa ameshafungua boksi na kuingiza kichwa humo ndani.

Shemeji yangu, yaani mume wa mdogo wangu, akamkamata shati.

"Fundi, mke wangu akifa humu, na wewe hufiki nchi kavu!"

Jamani, najua mmeshapata hasira. Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo muone tulifikaje pale.

Mimi ni nahodha. Ndiyo, mwanamke. Miaka tisa navusha wagonjwa, walimu, magodoro, na wakati mwingine mbuzi wasiotaka kukaa kitako. Abiria wananiita Mama Spidi, na jina hilo sikupewa bure.

Boti yangu ilikuwa na mashine mbili za petroli, zile zinazofungwa nje, nyuma kabisa. Nyepesi, zina hasira. Ukifika kwenye maji mafupi unazinyanyua. Moja ikikusumbua, unaifungua ukiwa umesimama gatini, hakuna cha kuinama wala kutambaa.

Mume wangu ni fundi wa dizeli. Malori, majenereta, mashine za kusaga. Mpole sana. Anaongea maneno kumi kwa siku, na saba kati ya hayo yanahusu dizeli.

Mashine zangu zilipochoka, moja ikawa haiamki mpaka uibembeleze, tukakaa mezani kuchagua.

"Tufunge dizeli ya ndani," akasema. "Haili mafuta, ina nguvu, na haishiki moto ovyo. Utabeba wagonjwa na madumu ya petroli miguuni mwao mpaka lini?"

"Na uzito wake? Na spidi?"

"Utachelewa dakika kumi, lakini utafika."

"Na hiyo shafti, chuma cha kuzungusha propela, itapita wapi?"

"Tutatoboa tundu huku nyuma, chini."

Nilicheka mpaka nikapaliwa.

"Chini ya maji? Mtu mwenye akili timamu anatoboa boti kwa makusudi?"

"Boti zote kubwa zimetobolewa."

"Basi nenda kaoe boti kubwa!"

Hatukukubaliana. Wiki iliyofuata nikaenda mji mwingine kwenye semina ya manahodha, siku sita. Niliporudi nilipitia karakana kwanza, hata begi sijalitua.

Mashine zangu mbili hazipo!

Ameshazibadilisha. Katikati ya boti limekaa lidizeli limenuna, na chini nyuma kuna tundu ambalo ngumi yangu ingepita.

Nikakaa sakafuni palepale kwenye vumbi la mbao.

"Umenifanyia nini?"

"Nilijua hutakubali," akasema akijifuta grisi. "Ukiijaribu utanishukuru."

"Boti ni yangu!"

"Najua. Ijaribu tu."

Sikumsemesha siku nne. Chakula nilimpikia, ila chumvi niliisahau makusudi.

Na kilichonitia wazimu zaidi ni kitu kimoja. Pale shafti inapotokea nje, kwa upande wa ndani, pana kikombe cha shaba chenye nati kubwa, na ndani yake zimesokotwa kamba zenye grisi za kuzuia maji. Basi pale palikuwa panadondoka. Tone... tone... tone... Kila safari nachungulia, kila safari linanicheka.

"Mnaona?" niliwaambia abiria. "Boti mpya inavuja!"

Wakacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Ikafika siku ile. Muuguzi wa zahanati yetu akasema mtoto wa mdogo wangu amekaa vibaya, avushwe haraka, pale hawawezi kumpasua. Tukamlaza kwenye boti, mumewe ubavuni kwake, fundi wangu karibu na injini, mimi kwenye usukani. Nusu ya safari ilikwenda vizuri.

Halafu ndiyo moshi. Ndiyo maji.

Sasa turudi pale shemeji alipomshika shati.

"Niache nifanye kazi," mume wangu akasema taratibu, na shemeji akamwachia.

Akainama tena. Nikasikia spana inalia kwenye shaba. Kisha akainua kichwa.

"Nani amegusa hii nati?"

Nikageuzia macho kwenye usukani.

Akanitazama. Mara moja tu, labda sekunde mbili. Kisha akasema, "Shuka. Nichanie shuka, vipande virefu."

Nikachana kwa meno. Akavipaka grisi, akavizungushia shafti kimoja baada ya kingine, mikono imezama kwenye maji, shaba ikiwa bado ya moto. Nilimsikia akiguna ikimuunguza, lakini hakuitoa mikono. Shemeji anachota maji kwa ndoo. Mimi nachota kwa beseni.

"Dada, siwezi tena!"

"Unaweza! Pumua! Usisukume, mdogo wangu, usisukume!"

"Nitakufa, dada..."

"Hufi kwenye boti yangu! Umenisikia?"

Nilisema kwa ukali, lakini moyoni nilikuwa naomba Mungu kama sijawahi kuomba.

"Washa," mume wangu akasema. "Polepole. Ukiongeza spidi tumekwisha."

Mimi, Mama Spidi, niliendesha boti ile kwa mwendo wa bata. Saa nzima.

Tukafika. Machela ikaja mbio. Wakampasua.

Mtoto alitoka bila kulia...

Wakamwekea hewa. Dakika zikapita, na sisi tuko kwenye benchi la korido, hakuna anayemtazama mwenzake. Ndipo mlango ukafunguka, muuguzi akasema, "Amelia. Mama yuko salama."

Nililia kwa sauti mpaka nikaambiwa nipunguze.

Shemeji yeye hakulia. Alimgeukia mume wangu, akampa vidonge vyake mbele ya mama yangu na mama mkwe wangu waliokuwa wameshafika kwa boti nyingine. Muuaji. Fundi wa magari anayejifanya anajua maji.

Nami nikaongeza.

"Mimi nilimwonya."

Ndivyo nilivyosema, wapendwa. Mbele ya ukoo mzima. Mume wangu alikuwa ameshika viganja vyake vilivyoungua, akainamisha kichwa.

Siku ya tatu tukaitwa ofisi ya ukaguzi wa vyombo vya majini. Chumba kidogo, feni inayolalamika, na nyuma ya meza mama mmoja mkaguzi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Mezani, ndani ya mfuko wa plastiki, zile kamba za kwenye shafti. Nyeusi kama mkaa.

Shemeji naye alikuwepo. Yeye ndiye aliyelalamika.

Mkaguzi akasoma karatasi kwa sauti.

"'Mimi fundi ndiye niliyekaza nati kupita kiasi. Nahodha hahusiki.' Haya ni maneno yako?"

"Ndiyo, mama."

"Unajua nikiyapokea, hutagusa tena chombo cha abiria maisha yako yote?"

"Najua."

Akavua miwani.

"Umefanya kazi ya dizeli miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Na hujui kwamba pale lazima padondoke kidogo? Lile tone ndilo linalopoza shafti. Ukikaza mpaka pakauke, kamba zinaungua, halafu maji yanaingia bila hodi."

"Najua."

"Sasa?"

"Nilipitiwa, mama. Niandikie tu nitie saini."

Yule mama akaweka kalamu chini.

"Hili si kosa la fundi wa dizeli," akasema. "Hili ni kosa la mtu aliyezoea mashine za nje. Mtu ambaye akiona tone moja ndani ya boti, roho yake haitulii."



Ndugu zangu... ni mimi.

Asubuhi ile, kabla hawajamleta mdogo wangu gatini, niliingia kwenye boksi na spana kubwa. Nilijiambia, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikazungusha. Nikazungusha tena, kwa hasira zote za siku zile, mpaka pakauka kau! Nikajipongeza, nikajiona nimemkomesha mwanaume na tundu lake.

Na kule katikati ya maji, moshi ulipotoka, nilijua kabla ya mtu yeyote. Nilijua! Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kumlaumu mume wangu.

Mkaguzi hakuwa ananitazama mimi. Mume wangu alishanyoosha mkono kuchukua kalamu. Ningekaa kimya, mambo yangeisha pale pale na ningetoka na leseni yangu mfukoni.

"Ni mimi," nikasema.

"Nyamaza," mume wangu akanong'ona.

"Ni mimi niliyekaza! Yeye hakujua. Nilikaza, nikamsingizia, hata mbele ya mama yake."

Shemeji alisimama. Alinitazama mpaka nikatamani anitukane. Kisha akatoka na kuacha mlango wazi.

Leseni yangu ikafungiwa miezi sita. Mume wangu akaambiwa aende zake.

Nje, kwenye ngazi, nikamuuliza, "Ulijua?"

"Palepale. Nati ilikuwa na alama za meno ya spana kubwa. Mimi pale natumia ndogo."

"Sasa kwa nini ulilibeba kosa langu?"

"Wakinifungia mimi, nitatengeneza majenereta. Wakikufungia wewe, wagonjwa watavushwa na nani?"

Yale maneno kumi ya siku yalikuwa yameshapita.

"Na mimi niliitoboa boti yako kwa siri. Ningekukalisha siku ya kwanza, nikakuonyesha lile tone ni la nini, ungekaza?"

"Nisingekaza."

"Basi tumekosa wote."

Alinisamehe kirahisi hivyo, na mimi sikujua niweke wapi uso wangu.

Nikaenda wodini. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilitaka asikie kutoka kinywani mwangu. Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto yuko kifuani. Kisha akageukia ukutani.

"Nenda, dada."

Wiki tatu, hajapokea simu yangu.

Sasa najua kwenye komenti mtaniuliza, nahodha, injini ya nje au ya ndani? Nitawajibu. Ya nje ni nyepesi, ina mbio, na inakufaa kama maji yako ni mafupi. Ya ndani inabeba mzigo na inakula kidogo. Zote zinafika. Ila kitu cha watu wawili msikichague kwa siri, na usiguse usichokijua kwa sababu tu umekasirika. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajakubebea. Mimi nilichelewa siku tatu, na siku tatu hizo ndizo zinazonitesa kuliko yale maji.

Nilikuwa sina mpango wa kuandika haya. Ila jana jioni simu iliita, ujumbe wa mdogo wangu.

"Jumatatu mtoto ana kliniki ng'ambo. Boti inakwenda?"



"Inakwenda," nikamjibu. "Fundi yupo, na nahodha mwingine. Mimi nimefungiwa."

Nikaona anaandika... anaacha... anaandika tena.

"Panda kama abiria. Nitakupa mtoto umshike, na usiguse kitu kingine."